Hatua ya Nane

1

Togwa ilikuwa tamu. Tumpale Mwasomola alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda la kwanza, akanywa la pili, akasifu kwa sauti. Wanawake watano waliokaa kwenye mabenchi mbele ya ghala la mbegu la Nyamwele walimtazama wakifurahi. Mgeni anayekunywa bila kukunja uso hupendwa popote, na huyu alikuwa ametoka Iringa mjini, ambako watu siku hizi hunywa vya kopo tu.

"Kimea cha ulezi gani hiki, mama?" aliuliza. "Mbona kitamu hivi?"

Mama Yudita Tweve, mlinzi mkuu wa ghala, alikuwa na miaka sitini na ushei, mrefu, mwenye sauti nzito ya mtu aliyeongoza kwaya tangu ujana wake. Alielekeza kidevu kwenye mlango wa chuma nyuma yao, mlango uliopigwa lakiri nyekundu ya halmashauri.

"Ni ule wa humo ndani, mwanangu. Ule uliokufa. Tungeufanyaje? Walipokuja kupiga lakiri walituachia magunia nje, na kutupa chakula ni dhambi."

Kikombe cha Tumpale kilisimama nusu ya safari.

"Kunywa, usiogope," alidakia Bibi Melania, mkubwa kuliko wote pale, ambaye meno yalikuwa yamemhama lakini kicheko kimebaki. "Mashine ile ya kuamshia mbegu haijui kutunza mbegu, ila kwa kimea haina mpinzani. Sisi tulikuwa tunahangaika siku nne na ndoo na magunia, kumbe mtaalamu tunaye!"

Wakacheka wote. Tumpale naye akacheka, kikombe bado mkononi.

Yeye alijua utani ule ulikuwa na ukweli kiasi gani. Mbegu ikilowa itachipua, na ikichipua kisha ikakaushwa kwa joto, hiyo si mbegu tena, ni kimea. Haioti. Ulezi mwekundu, njegere za milimani, maharage madogo ya rangi ya maziwa, vyote vilikuwa vimelazwa kwenye droo za ghala lile kwa miaka tisa, vikisinzia kwenye baridi kali. Vililazwa humo baada ya ile miaka ya kutu ya majani, ilipofagia mashamba ya nyanda za juu hadi watu wakasahau ugali wa ulezi una rangi gani. Vijiji tisa viliweka mbegu zao Nyamwele. Kutu ilikuwa imekwisha, ardhi imepumzika, na mwaka huu ndio uliokuwa mwaka wa kuziamsha.

"Nimetumwa na kampuni ya mashine," alikuwa amejitambulisha asubuhi ile, "kuangalia jinsi watumiaji wapya wanavyotumia mwongozo, ili tuuboreshe." Yalikuwa maneno ya kweli. Hakusema ni nani aliyeuandika mwongozo wenyewe, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa aliweka kikombe chini. "Mama, naomba mnionyeshe mlivyofanya siku ile. Kila kitu, kama kilivyokuwa."

"Karatasi hatuna. Imefungiwa humo humo."

Karatasi aliyoisema ilikuwa karatasi hai, ile inayotundikwa ukutani katika kila ghala, ambayo maneno yake hubadilika yenyewe mwandishi anapoyabadilisha huko mjini. Ilikuwa moja kwa kila ghala. Kuinakili kulikatazwa na sheria, kwa sababu zamani watu walishika nakala zilizopitwa na wakati, wakaumia. Toleo jipya likiingia, la zamani linafutika hadi kwenye mitambo ya kampuni. Huko maofisini waliiita Sheria ya Mwongozo Mmoja, na Tumpale aliwahi kuisifu kwenye mkutano, mbele za watu.

"Lakini mimi naijua kwa moyo," alisema Mama Yudita. Akasimama, akashika hewa kwa mikono miwili kama ameshika kitabu. Wale wanne wakasimama bila kuambiwa, wakakaa mkao wa kazi.

"Hatua ya kwanza. Nawa mikono, vaa glavu."

Wanne wakafanya kama wananawa, wakavaa glavu zisizokuwepo. "Tayari!"

"Hatua ya pili. Washa taa ya ndani."

Bibi Melania akanyoosha mkono, akawasha. "Tayari!"

"Mnasoma hatua moja, mnaifanya, ndipo mnasoma nyingine?" aliuliza Tumpale.

"Sasa tutasomaje?" Mama Yudita alishangaa. "Kanisani kwetu vitabu vya nyimbo vilikuwa viwili kwa watu mia tatu. Kiongozi anasoma mstari, watu wanaimba mstari. Anasoma mwingine, wanaimba mwingine. Na msomaji hasogei mbele kabla hajajibiwa. Wimbo wa beti kumi tunaumaliza na hakuna anayepotea. Hapa napo karatasi ni moja, na mwenye macho ya kuziona hizo herufi zenu ni mimi peke yangu."

Akaendelea. Ya tatu, tayari. Ya nne, tayari. Ya tano na ya sita. Tumpale alizifuata kwa midomo bila sauti, kwa sababu kila neno lilikuwa lake.

"Hatua ya saba. Bonyeza kitufe cha Amsha."

"Tayari!"

"Hatua ya nane." Mama Yudita akashusha mikono. "Kabla ya kubonyeza Amsha, hakikisha valvu ya mvuke imefungwa."

Hakuna aliyejibu. Kuku alipita katikati yao akidonoa.

"Tukatazamana," alisema Mama Yudita. "Nikaisoma tena, nikidhani nimeruka mstari. Kitufe kile hakirudi, valvu nayo haigeuki tena, na droo zikishajifunga hazifunguki mpaka saa arobaini ziishe. Tulikaa hapa hapa kwenye haya mabenchi saa arobaini, mwanangu. Mlangoni kuna kioo kidogo. Tuliona barafu ikiyeyuka na mvuke ukiingia, maji yakitiririka kwenye droo. Halafu tukaona zinachipua. Changa, nyeupe, zimejaa uhai. Melania alilia. Kisha joto likaanza kuzikausha."

Bibi Melania hakuwa anacheka tena. Alikuwa anaondoa uzi kwenye kanga yake.

"Mimi simlaani mtu," aliendelea Mama Yudita, "ila huwa nawaza. Huyu aliyeandika, aliwahi kumfundisha mtu kazi kwa mdomo? Unamwambia mtoto vuka barabara, akishavuka ndiyo unamwambia angalia magari?"

Hapo ndipo pa kusema. Tumpale aliyajua maneno, yalikuwa machache: ni mimi, mama. Aliyafikisha hadi kwenye meno. Kisha akainamia daftari lake akaandika, kwa mwandiko mzuri, *onyo litangulie tendo*.

"Ijumaa baraza la halmashauri linakaa," alisema Mama Yudita. "Wanasema sisi ni wazembe. Tukikutwa na hatia tunafutwa kwenye daftari la walinzi, na kijiji hiki hakitalea mbegu tena mpaka wajukuu zetu wazeeke. Mama yangu alikuwa mlinzi. Bibi yangu alificha mbegu kwenye kibuyu darini. Wewe umeona tunavyofanya kazi. Utatusemea?"

"Nitasema nilichokiona, mama."

Jibu lile lilikuwa la kiofisi, na aliyelitoa alilijua hivyo. Mama Yudita alilipokea kama ahadi. Akamfungia mgeni chupa ya togwa ya kunywa njiani.

2

Ukweli wa hatua ya nane ulikuwa mdogo hata wa kuaibisha.

Miaka miwili nyuma, siku ya Jumamosi, Tumpale alikuwa amekwisha kuandika mwongozo wote, hatua saba, kila moja na picha yake yenye namba. Dada yake aliyekuwa anaolewa alikuwa na sherehe ya kuagwa saa nane mchana, na yeye ndiye aliyekuwa na keki. Fundi wa mashine akampigia simu: samahani dada, kuna valvu nimesahau kukwambia. Kuiweka mahali pake kungedai kubadilisha namba na kuchora upya picha. Akaiongeza mwishoni. Watasoma yote kwanza, alijiambia, nani anaanza kazi bila kusoma mpaka mwisho? Akaweka kidole gumba kwenye skrini, akachapisha, akawahi keki. Sherehe ilifana.

Jumatano asubuhi, siku moja baada ya kurudi kutoka Nyamwele, alikuwa amesimama mbele ya meza ya Bwana Sefania Kalolo, mkuu wa idara ya miongozo, na chupa ya togwa ikiwa bado kwenye mkoba.

"Umeona tatizo?" aliuliza Kalolo.

"Nimeliona. Onyo liko chini ya tendo. Wanasoma mstari kwa mstari."

"Basi lipandishe juu. Leo." Kalolo alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapotaka kusema jambo gumu. Aliifuta. "Kesho saa mbili asubuhi Lupalilo wanaamsha. Jumamosi kuna wengine watano. Mpaka mwisho wa mwezi, maghala thelathini na moja, na wote ni watumiaji wapya, hakuna aliyewahi kuamsha mbegu maishani mwake."

"Mzee, nikilipandisha, toleo la zamani linafutika."

"Ndiyo sheria."

"Na Ijumaa baraza litasoma mwongozo. Watakuta onyo liko juu, wazi, herufi nyekundu. Wale mama watasema lilikuwa chini, na hakuna atakayewaamini. Itaonekana waliliona wakalipuuza."

Kalolo akavaa miwani, akamtazama. Hakuwa amelifikiria, hilo Tumpale aliliona usoni mwake. Kisha akaliona pia likikaa vizuri kichwani mwa mkuu wake, kama mtu anayeokota kofia na kukuta inamtosha.

"Maji yakimwagika hayazoleki, binti yangu," alisema taratibu. "Ulezi wa Nyamwele hautafufuka. Wa Lupalilo bado uko hai. Utauacha mwongozo mbovu ukutani siku mbili nzima, uue wengine, ili tu wale waonekane wasafi?"

"Basi niandikie baraza barua. Niseme kosa lilikuwa langu."

"Barua yoyote kuhusu mwongozo inapitia kwa mwanasheria wa kampuni. Unajua itafika lini." Akashusha sauti, na upole wake ukawa mgumu kuuvumilia. "Tumpale, kosa moja haliachi mke. Wewe ni mwandishi mzuri. Rekebisha, weka kidole. Ukishachapisha haubadiliki siku saba, kwa hiyo hakikisha ni safi. Mimi hata sitasoma, nakuamini."

Alikwenda kwenye chumba chake, akafungua mwongozo kwenye skrini. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi. Hatua ya nane ikawa ya saba, ya saba ikawa ya nane. Akaandika: *Funga valvu ya mvuke. Usiendelee kabla haijafungwa.* Aliisoma kwa sauti, akanyamaza mahali ambapo mtu angejibu tayari. Mwongozo ulikuwa mzuri sasa. Ulikuwa vile ulivyopaswa kuwa Jumamosi ile, na kwa uzuri wake ungewatia hatiani wanawake watano.

Alikaa na kidole hewani. Akifikiri kuhusu Lupalilo, kidole kilishuka. Akifikiri kuhusu Mama Yudita akisema hapana, lilikuwa chini, mbele ya watu wanaotikisa vichwa, kidole kilipanda. Alijichukia kwa pande zote mbili. Kilichomuumiza kuliko vyote ni kwamba moyo wake, huko chini kabisa, ulikuwa umefarijika. Toleo likifutika, kosa lake nalo lingefutika. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa wale aliokunywa togwa yao.

Akafungua mkoba, akatoa chupa, akanywa. Ilikuwa imeanza kuchachuka.

Kuna jambo moja kila mwandishi wa miongozo hufundishwa siku ya kwanza: usiweke kwenye mwongozo kitu chochote ambacho mkono wa msomaji hautakifanyia kazi. Hakuna historia, hakuna shukrani, hakuna jina la mwandishi. Tumpale alikuwa amelishika sharti hilo miaka kumi na moja. Lakini alijua pia lile ambalo halifundishwi, kwamba mtu akiambiwa sababu ya onyo hulitii, na asipoambiwa huliona ni kelele za ofisini.

Akarudisha mshale katikati ya hatua ya saba na ya nane. Akaandika mistari michache, akaisoma kwa sauti, akafuta neno moja lililokuwa linajitetea. Kisha akaweka kidole gumba.

Alhamisi saa mbili na robo asubuhi, walinzi wa Lupalilo walifunga valvu yao, wakaamsha mbegu salama. Saa mbili na nusu Kalolo alisimama mlangoni kwa Tumpale bila miwani. Hakupiga kelele, alikuwa hana kelele. Alisema tu, "Siku saba, Tumpale. Siku saba siwezi kugusa hata nukta." Akanyoosha mkono. "Kabidhi funguo."

3

Ukumbi wa halmashauri ulijaa Ijumaa, maana vijiji tisa vilikuwa vimetuma watu, na watu waliopoteza mbegu hawatumi mwakilishi mmoja. Tumpale alikaa benchi la nyuma kabisa. Mama Yudita alimwona alipoingia, akampungia mkono, uso umemchangamka. Alimwona shahidi wake. Tumpale aliinua mkono nusu, akaushusha.

Mwenyekiti wa baraza, Bi Ludao Mahenge, alikuwa mwanamke mfupi asiyependa mzunguko. Mwanasheria wa kampuni alipoanza kueleza kuwa mwongozo umekwisha kuboreshwa na hakuna haja ya kuusoma wote hapa, alimkatiza.

"Tunawahukumu watu kwa kutofuata maandishi, halafu maandishi tusiyasikie? Lakiri ilivunjwa asubuhi mbele yangu. Leteni karatasi. Mlinzi mkuu atusomee kama walivyosoma siku ile."

Karatasi hai ikaletwa, ikakabidhiwa kwa Mama Yudita. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Nyuma yake wanne wakasimama kwenye mkao wa kazi.

"Hatua ya kwanza. Nawa mikono, vaa glavu."

"Tayari!"

Watu wengine ukumbini walitabasamu, lakini kufika hatua ya nne hakuna aliyetabasamu, kwa sababu sauti zile zilikuwa na uangalifu ambao mzembe hana. Ya tano. Ya sita. Tumpale alihesabu kwa vidole.

"Hatua ya saba." Mama Yudita akasita. Alikodoa macho. Tumpale aliuona mgongo wake ukikakamaa. "Funga valvu ya mvuke. Usiendelee kabla haijafungwa."

Minong'ono ikaanza. Mtu mmoja wa kijiji jirani alisema kwa sauti, "Si hilo hapo! Limeandikwa!" Bibi Melania alishika mdomo. Mama Yudita aligeuka kumtazama mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Halikuwa hapa, mheshimiwa. Naapa. Halikuwa hapa."

"Endelea kusoma, mama," alisema Bi Mahenge.

Akainua karatasi. Sauti yake ilikuwa imepungua, ila mtu aliyezoea kuongoza kwaya husikika hata akinong'ona.

"Fahamu kwanza. Hadi juzi, onyo hili lilikuwa limeandikwa baada ya kubonyeza Amsha. Walinzi wa Nyamwele walifuata mwongozo mstari kwa mstari, kama walivyoandikiwa, na mbegu zao zikafa. Hawakukosea. Aliyekosea ni mwandishi, ambaye alijua mahali pa onyo hili, akaliweka chini kwa kuwa alikuwa na haraka ya kwenda sherehe. Jina lake ni Tumpale Mwasomola."

Mama Yudita hakuinua uso. Alisubiri. Wale wanne nyuma yake walitazamana, hawajui wafanye nini na mikono yao, maana mstari ule haukuwa na kitufe wala mlango.

"Endelea, mama," alisema mwenyekiti tena, safari hii kwa upole.

"Siwezi, mheshimiwa. Mstari haujajibiwa."

Tumpale alisimama. Alishika benchi la mbele yake. Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, na cha mwisho kilikuwa cha Mama Yudita. Aliona jina na uso vikikutana machoni mwa yule mama. Aliona kikombe cha togwa, na kicheko, na chupa ya njiani, vyote vikikumbukwa upya na kupata maana nyingine.

"Tayari," alisema Tumpale.

Mama Yudita alimtazama. Hapakuwa na msamaha katika macho yale, wala hapakuwa na laana. Bi Mahenge alimgeukia karani, akasema, "Andika kwamba walinzi wa Nyamwele hawana kosa, na wabaki kwenye daftari," na kalamu ya karani ikasikika ikikwaruza.

Lakini Mama Yudita alikuwa hajamaliza, na wimbo hauachwi ubeti wa mwisho. Akarudisha macho kwenye karatasi.

"Hatua ya nane," akasoma. "Bonyeza kitufe cha Amsha."

Nyuma yake hakuna aliyejibu. Nyamwele hapakuwa na kitu cha kuamsha.